Mtu wa Taa Hatunzwi

Gongo la Mboto,
Alhamisi, baada ya Alasiri.

Mwanangu Hawa,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Wazo kwa shangazi yako? Kile kikohozi cha vumbi kimepungua, au bado unalala umejifunga mtandio puani? Sie huku wazima. Baba yako mgongo umetulia, kuku wangu wanataga, na presha yangu iko palepale ulipoiacha, juu, na unajua nani aliyeipandisha.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei. Na hata ungepokea, najijua, ningepiga kelele, ungekata, na tungerudi kule kule. Nimeswali Alasiri, nikakaa kwenye mswala nikimwomba Mungu anishushie hasira kabla sijashika kalamu. Hajanishushia. Nadhani ana sababu zake. Basi utaisoma hivyo hivyo ikiwa ya moto.

Begi lako nimelifunga, baba yako atakuletea huko leo jioni, na barua hii iko juu ya nguo ili usiseme hukuiona. Mambo ya neti, ya chakula, ya kuangalia begi kwenye basi, sisemi. Wewe ni mtu mzima, unakwenda Tabora kuzunguka shule kwa shule ukiwafundisha wanafunzi kupanga taa za maigizo, na hayo madogo shangazi yako atayasema mpaka umchoke. Mie nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni Tabu, yule mwanafunzi wako.

Najua hapo umeguna. Guna, kisha endelea kusoma.

Unakumbuka Jumamosi ile uliyowaleta wanafunzi wako hapa nyumbani, siku umeme ulipokatika shuleni? Uliziba madirisha ya sebule kwa mablanketi yangu, joto likawa la kuoka mkate, ukawakalisha chini. Ukaja jikoni ukachukua sufuria yangu ya wali, ile iliyoungua ikawa nyeusi tii, na sahani nyeupe ya wageni. Ukaviweka mezani bega kwa bega, ukawasha tochi kwa mbele. Sahani ikawaka mpaka inaumiza macho. Sufuria ikapotea.

Ukauliza, "Kosa la nani?"

Leila akadakia, "La sufuria, madam! Haijasuguliwa!"

Wakacheka, na mie nikacheka, maana kweli sikuwa nimeisugua. Tabu naye, mtoto wa watu, mweusi kama nilivyo mie, akasema, "Jamani msituseme sie wa sufuria. Sie ndo tunapika. Nyie masahani mnasubiri kupakuliwa tu." Sebule nzima ikalala chini kwa kicheko.

Ukawaacha wamalize. Kisha ukaihamisha tochi ubavuni, ukaifunika ile nailoni ya kufungia zawadi za harusi, ya rangi ya asali, uliyoichukua kwenye vitu vyangu bila kuniomba. Sufuria ikatoka gizani. Tukaliona duara lake, mikono yake, mpaka pale ilipobonyea baba yako alipoiangusha. Ukawauliza, "Sufuria imebadilika?" Wakajibu haijabadilika. "Nani amehama?" Wakapiga kelele, "Tochi!" Ukawaambia, "Basi mkiona mtu haonekani jukwaani, msimwondoe mtu. Hamisheni tochi."

Mie nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo: nilitoka nikaenda uani, nikasujudu kwenye sakafu tupu, nikamshukuru Mungu kwa mtoto aliyenipa. Watu huzaa watoto wakawa madaktari wasione ulichonionyesha wewe kwa sufuria.

Unaijua kazi yangu. Mie napamba maharusi. Na unaijua picha ya harusi yangu, ile iliyo kabatini. Walinipaka poda siku ile mpaka nikawa na uso wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine. Ulipokuwa mdogo uliishika ukaniuliza, "Mama, huyu aliyekaa na baba ni nani?" Baba yako akacheka mpaka akatoka nje. Mie sikucheka. Nilikwambia ni mie, walinipaka ili nipendeze. Ukaniuliza tena, "Kwani ulikuwa hupendezi?" Nikakwambia nenda kacheze.

Hilo swali nimelikimbia maisha yangu yote, Hawa. Nalikimbia hadi leo. Biharusi anakaa kwenye kiti changu ananiambia, "Mama Hawa, nipandishe kidogo, nisipotee kwenye video." Nampandisha. Namsukumia poda mpaka uso unakimbia shingo. Sikudanganyi kwamba nimeacha. Jumamosi iliyopita tu nimempandisha binti wa Pugu, mzuri, ngozi yake kama kahawa iliyokaangwa vizuri, na nilipomaliza hata mama yake alisita kumshika. Nilijisemea, kazi ni kazi. Huo ndo uongo wangu wa kila wiki.

Ndo maana wewe ulipohamisha ile tochi, mie nilisikia kama kuna mtu amenifungua kitu shingoni. Nilidhani uongo umeishia kwangu.

Sasa tuje kwa Makamu.

Nilikuwepo. Usisahau kwamba nilikuwepo. Ulinileta mwenyewe niwavalishe waigizaji siku ya mazoezi ya mwisho. Tabu amesimama jukwaani, ndiye binti anayemuuguza mama yake usiku kucha, na maneno yote anayo kichwani mpaka ya wenzake. Mie nimepiga magoti nampinda gauni, pini zimejaa mdomoni. Taa za makopo ya rangi mlizotengeneza zinawaka zote kwa mbele, bado hujazipanga. Makamu mkuu wa shule akaingia na yule kijana wa kamera, wakatazama kwenye kioo cha kamera. Makamu akasema, wala hakushusha sauti, "Huyu kwenye video atatoka meno tu."

Kijana wa kamera akacheka. Wanafunzi wa nyuma wakacheka. Makamu akaendelea, "Video hii tunaitumia kutangaza shule, madam. Mweke Leila. Leila ana nuru."

Nikakutazama. Nikasema moyoni, hapa sasa mwanangu anamwambia mzee lete kiti ukae, nikuonyeshe jambo la sufuria. Ingekuchukua muda gani? Ungevuta kopo moja ubavuni, ungeweka nailoni, basi, angemwona Tabu mpaka kope. Ulikuwa nalo, Hawa! Jibu la ule upuuzi ulikuwa nalo mkononi, limejaa tele, na umewafundisha watoto wanalijua kwa moyo.

Ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Na ulitabasamu. Usinibishie. Kidogo, upande mmoja wa mdomo, lakini ulitabasamu.

Najua kwa nini. Watu wa Tabora walikuwa wamemwandikia Makamu kumuuliza habari zako, na ulitaka awajibu vizuri. Nakuelewa kabisa, na kukuelewa hakujanipunguzia kitu. Kazi uliyoitaka ni ya kufundisha watoto kwamba taa ndo inayohama. Ili uipate ukamhamisha mtoto. Ukienda kuifanya utaanzaje somo la kwanza?

Na mie? Mie nilikuwa na pini mdomoni. Mtu angeniuliza ningesema sikuweza kusema, nilikuwa na pini. Pini zinatemwa, mwanangu. Nilimvua Tabu lile gauni nikamvalisha Leila, nikalipunguza kiunoni, mikono yangu inafanya kazi kama kawaida. Tabu akaniinulia mikono mwenyewe ili nimvue kwa urahisi. Hilo ndo linaloniamsha usiku.

Kisha ukamwita pembeni ukamwambia atakaa kwenye taa. Ukamwambia, nimekusikia, "Nimekuchagua wewe maana ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote." Mtoto akasema, "Asante, madam."

Siku ya mahafali nilikuja na doti ya kanga mpya ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeinunua nimtunze Tabu akiigiza, tangu aliposema yale ya masahani. Nikakaa na akina mama wenzangu. Mchezo ukaanza, na nikiri, ulikuwa mzuri, na Leila hana kosa, mtoto wa watu kafanya alivyoambiwa. Ikafika pale binti anapomlisha mama yake uji. Wanawake wakaanza kuinuka, vigelegele, noti mkononi, wanakwenda jukwaani kumtunza Leila. Mama mmoja akanivuta, "Inuka Mama Hawa, twende tukamtunze mtoto!"

Nikainuka. Lakini wao wakaenda mbele, mie nikaenda nyuma.

Wewe unalijua la kwako, mie nakupa la kwangu. Nilipita katikati ya viti nikaenda mpaka kwenye ile meza ya swichi, na Tabu amekaa peke yake, macho jukwaani, kidole kwenye swichi. Kwa wakati ule ndo alikuwa amezima taa, usiku umeingia, anasubiri kupandisha alfajiri pole pole kama ulivyomfundisha. Mie sikujua habari za alfajiri. Nilimfunika kanga mwili mzima, nikambandika noti kwenye paji la uso, nikampigia kigelegele sikioni, nikamkumbatia na mikono yake yote ndani.

Jukwaani giza totoro. Leila akasema, "Mama, kumekucha."

Giza.

"Mama, amka, kumekucha!"

Ukumbi ukaanza kucheka. Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Wapi hapo kumekucha? Labda kwenu!" Tabu ananiambia, "Mama, niachie, mama, alfajiri, alfajiri," na mie namwambia, "Acha nikutunze mwanangu, wasikubanie." Alipojichomoa akazungusha swichi kwa pupa, taa zikawaka zote kwa mpigo, jua la saa sita mchana, na mgonjwa kitandani kaziba macho kwa mkono.

Makamu akachukua kipaza sauti. "Nani anayechezea taa huko? Toka hapo! Toka!" Nikasema ni mie. Nilisema kweli, nilisema kwa nguvu, lakini kipaza sauti alikuwa nacho yeye. Tabu akatoka ukumbini na kanga yangu imemning'inia bega moja, mbele ya wazazi wote. Jumatatu iliyofuata wakamtoa kwenye kikundi cha maigizo.

Nilirudi nyumbani najisifu, bado sijajua la Jumatatu. Nilijiona nimemheshimu mtoto. Imenichukua siku nyingi kukaa na hili jambo mpaka nikaliona lilivyo. Nilikuwa nakukomoa wewe, Hawa. Nilitaka unione ninavyompita Leila wako kwenda kwa Tabu. Nilimtumia mtoto kukupiga wewe, na lililoanguka limemwangukia yeye. Kama kuna kitu nimejifunza kwa umri huu ni hicho: hasira yangu inaona vizuri sana kosa, lakini haiangalii nani amesimama njiani. Sijui kama utaweza kujifunza hilo kwa kusoma. Mie sikuweza kujifunza kwa kuambiwa.

Jioni ile ukaingia ndani hata viatu hujavua. "Mama, nani alikutuma kutunza mtu wa taa? Mtu wa taa hatunzwi! Mtu wa taa hatakiwi kuonekana!"

Nikakujibu, "Ndo maana ukamweka huko?"

Baba yako akaweka chini kikombe. Asubuhi ukachukua nguo za kubadili ukaenda Wazo, na mpaka leo hatujasemeshana. Umemwambia shangazi yako kwamba mama amekuaibisha. Ni kweli, nimekuaibisha. Lakini ile aibu ya ukumbini watu walicheka wakaenda kula pilau, wamesahau. Iliyobaki ni nyingine.

Tabu alikuja hapa Jumanne hii, katoka shule na sare zake. Kaleta kanga, kaifua, kaikunja. Nikamwambia ni yako, akasema mama yake kamwambia arudishe. Nikampa chai na mihogo. Akala kidogo, akakaa anatazama kuku. Kisha akaniuliza, na aliniuliza taratibu, bila kulia:

"Mama, eti madam aliniweka kwenye taa kwa sababu nina mkono mzuri, au kwa sababu ya yale ya meno?"

Hawa, mie ni mtu wa maneno. Unanijua. Nina jibu la muuza samaki, la mjumbe wa mtaa, la imamu akichelewesha darsa. Kwa Tabu nikabaki kumwongeza chai. Ningeweza kumwambia mkono mzuri, na asingeniamini, angeondoka anajua kwamba hata mie namdanganya. Ningeweza kumwambia meno, na ningekuwa nimekusemea wewe maneno yaliyo kwenye mdomo wako. Nilimwambia, "Hilo kamuulize aliyekuweka." Akasema, "Madam hapokei simu." Ah! Nikajua tuko wawili.

Jana akapita tena. Hakuuliza. Alinisaidia kuchambua mchele, tukaongea habari za mitihani. Lakini wakati wa kuondoka alisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko mtu anayeondoka, unanielewa? Nikaangalia mchele.

Usije ukaniambia ni mtoto, atasahau. Mie nilisahau? Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi, na bado nikipita mbele ya lile kabati nageuza uso. Na usije ukaniambia ulimpa kazi muhimu zaidi. Ni muhimu, najua, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ni muhimu, ndo maana naumia ulivyoigeuza kuwa pahala pa kumfichia mtu. Huenda kweli ana mkono mzuri. Nilimwona anavyoshika ile swichi kabla sijamharibia, kama anashika kichwa cha mtoto mchanga. Huenda yote mawili ni kweli, mkono na meno. Basi mwambie yote mawili. Lakini umwambie wewe. Mwambie Makamu alisema nini, na wewe ulijibu nini, na ulikuwa unaogopa nini. Usimpambie. Kupamba niachie mie.

Tabora kutakuwa na Makamu mwingine. Atakuja na kamera nyingine na kicheko chake. Sikwambii ugombane naye, maana umeona kugombana kwangu kulivyomfaa Tabu. Nakwambia tu kwamba siku hiyo utakuwa na kopo lako na nailoni yako, na mtoto amesimama anakusikiliza, na hutakuwa na pini mdomoni.

Mungu aliyemuumba Tabu hakuishiwa rangi nyingine. Aliichagua. Hilo naliamini kama ninavyoamini nitakufa, na najiuliza kwa nini nikishika poda naamini kingine. Niombee. Na mie nakuombea. Nimekusomea dua ya msafiri mara nyingi leo, nyingine nimezisoma meno yamekazana, lakini nimezisoma zote, na Mungu anajua nani namwombea hata nikiwa nimenuna.

Bado nina hasira na wewe. Sitaki uondoke unadhani zimekwisha kwa sababu nimekufungia begi. Nina hasira na Makamu, na yule kijana wa kamera, na mie mwenyewe nimejiwekea sehemu kubwa. Lakini hasira zangu kwako ni za mtu aliyekuona unahamisha ile tochi. Nisingeliona lile, ningekusamehe siku ile ile, kwa sababu nisingejua kama unaweza.

Sasa sikiliza. Ukifika, ukishapata pa kuweka begi, kaa uandike barua mbili. Ya kwanza ya Tabu. Itume hapa nyumbani, nitampa mkononi, sitaifungua, na baba yako nitamzuia. Ya pili yangu, hata ikiwa ya matusi.

Kesho atapita akitoka shule. Nitamwambia madam ameondoka na basi la asubuhi, na kwamba jibu lake linakuja. Nitamwambia hivyo bila kujua kama ni kweli.

Tujibu mapema.

Mama yako.